Samli ya Mhandisi Mkuu

"Kwa heshima na taadhima, na kwa mamlaka iliyokabidhiwa Taasisi Kuu ya Uhandisi wa Mapaa Yafunguliwayo, Kanda ya Ziwa na Nchi Jirani, unatangaziwa, Bwana Makongoro, kwamba shauri lako limejadiliwa na jopo la wataalamu, na uamuzi umepitishwa. Raba za paa la gari lako hazina ugonjwa. Zina njaa. Zilishwe samli ya ng'ombe asubuhi na jioni, bila kukosa. Anayezungumza nawe ni Mhandisi Mkuu wa—"

Hapo jogoo akawika.

Aliwika kwa roho yake yote, karibu kabisa na simu, kwa sababu ofisi ya Mhandisi Mkuu ilikuwa ndani ya banda la kuku, nyuma ya nyumba ya Mama Esta, Nyakato, mjini Musoma. Mhandisi mwenyewe alikuwa amechuchumaa juu ya debe la pumba, ameziba mdomo kwa khanga ili sauti iwe nene, na unyoya mmoja umenata kwenye paji la uso. Jina lake halisi lilikuwa Ghati, binti wa Mama Esta, mwanafunzi wa bweni wa kidato cha tatu, msoma matangazo wa mstarini, yuko nyumbani kwa likizo ya Desemba.

"Mhandisi," ikauliza sauti ya upande wa pili kwa adabu kubwa, "huko ofisini mnafuga?"

"Hiyo ni mitambo," akajibu Ghati. "Inapasha."

"Aa, sawa kabisa. Asante sana, Mhandisi. Mungu awabariki ninyi na mitambo yenu."

Ghati alikata simu, akaizima, akairudisha ndani ya soksi, mahali ilipokuwa ikiishi tangu shuleni, ambako simu ni kosa la kufukuzwa. Kisha akacheka mpaka kuku wakamwachia banda.

Hakukusudia ubaya. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye halitaaminika. Alidhani mjomba Makongoro angekaa kidogo, angejiuliza ni taasisi gani hiyo inayompigia mtu simu bila kumtumia ankara, angestuka, na jioni wangecheka wote mezani. Alichosahau ni kwamba mjomba alizaliwa Mugeta, kwa watu wa ng'ombe, ambako kamba ya ngozi ikikakamaa inapakwa samli, ngoma ikipasuka sauti inapakwa samli, na kiatu cha babu kilipakwa samli mpaka babu akakiacha duniani kikiwa bado laini. Kumwambia Makongoro kwamba kitu kilichokauka kinahitaji samli ilikuwa kama kumwambia kwamba mwenye kiu anahitaji maji. Aliona hata fahari kidogo: kumbe wahandisi nao wanajua.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la michezo, la viti viwili, na paa lake lilifunguliwa kwa klipu mbili, likanyanyuliwa kama mfuniko wa sufuria na kulazwa nyuma. Makongoro alilinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyeliuza kwa furaha ambayo ingemshtua mnunuzi mwingine. Raba zilizozunguka paa zilikuwa zimechakaa, zimekauka na kuchanika kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Mvua ikinyesha nje kwa saa moja, ndani ilinyesha kwa mbili. Na kwa kuwa Makongoro alikuwa muuza mabati, mwenye duka lenye maandishi makubwa ukutani, PAA IMARA, FAMILIA SALAMA, mji mzima ulipata la kusema. Vijana wa bodaboda walimngoja kwenye kona.

"Mzee Makongoro! Tukuuzie bati moja?"

"Lenu hilo mtalihitaji kesho," alijibu, akiendesha kwa heshima zote, huku kichwani amevaa kofia ya nailoni ya saluni aliyoazima kwa Gloria.

Gloria ndiye aliyekuwa chanzo cha yote. Dada yake Ghati huyo, mtaratibu, mwalimu wa chekechea, alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata, Butiama. Baba yao alipofariki, Gloria alikuwa mtoto mdogo na alilia siku ya mazishi bila kunyamazika. Mjomba Makongoro alimpakata, akamwambia: "Nyamaza. Siku yako ya harusi nitakupeleka kanisani mimi mwenyewe, kwa gari langu." Gloria akafuta kamasi, akauliza, "Jekundu?" Akaambiwa jekundu. "La kufunguka juu?" La kufunguka juu. Wakati huo Makongoro alikuwa na baiskeli isiyo na breki.

Basi samli ililetwa kutoka Mugeta, kibuyu kizima, na raba zikaanza kula. Asubuhi kabla ya kwenda dukani, mjomba alikunja mikono ya shati akazipaka kwa kidole, taratibu, akizisemesha. Jioni tena. Siku za mwanzo zilimeta na kulainika, na Ghati, aliyekuwa akichungulia dirishani, akaanza kufikiri huenda amegundua kitu. Halafu raba zikavimba. Zikawa kama maandazi yaliyoumuka vibaya. Jua la mchana lilipozipata, zikalegea na kunata, na harufu ikatoka. Paka wa Nyakato wakaacha shughuli zao. Mmoja alihamia kabisa juu ya paa, akalamba pembeni toka alfajiri, na mjomba akimwendesha hadi dukani bila kujua, watu wakimpungia paka.

"Yule paka wako analipa nauli?" waliuliza bodaboda.

Yote hayo yangekuwa ya kuchekesha tu kama si safari ya Jumapili. Mjomba alimchukua Mama Esta kwenda Butiama kuwasalimu wakwe. Mama alivaa kitenge kipya ambacho hata kioo kilikuwa hakijakiona vizuri. Walipita Buhare kukiwa na jua. Mbele kidogo ya Makutano mvua ikafungua mlango. Maji ya mvua yakapita kwenye raba, yakachukua samli, yakashuka ndani kwa michirizi ya njano, na Mama Esta akafika kwa wakwe zake akinuka kama chungu cha sherehe, na mbwa wawili wa wenyeji wakimfuata kwa upendo mpaka sebuleni.

Alirudi amenyamaza. Alishuka garini amenyamaza. Alianika kitenge amenyamaza. Kisha akasema, na majirani wa pande zote wakapata nafasi ya kusikia:

"Makongoro mdogo wangu, nakupenda. Lakini mwanangu hataingia humo. Gloria atakwenda na pikapu ya jirani Felisiani."

"Dada! Ile ya kubebea sangara?"

"Ya sangara. Ina paa."

"Inanukaga, dada. Unajua inavyonukaga."

"Nawe unajua wewe unavyonuka saa hii?"

Makongoro alinusa mkono wa shati lake. Gloria, aliyekuwa mlangoni, alisema polepole kwamba pikapu si mbaya, kwamba wataiosha, kwamba wataifunga maua. Alisema hayo akiangalia ndala zake. Ghati naye akaziangalia.

Jioni aliambiwa ampelekee mjomba chakula. Alimkuta uani, ameketi ndani ya gari lililozimwa, mikono juu ya usukani, haendi popote.

"Ghati," akasema mjomba, "Mhandisi alisema zina njaa. Nafikiri sikuzilisha vya kutosha. Sasa napiga simu yake, haipatikani. Mtu mkubwa vile, labda yuko kwenye vikao."

"Mjomba..."

"Sema."

Ghati, ambaye shuleni aliwahi kutangaza mstarini, kwa uso mkavu, kwamba uji wa siku hiyo umeahirishwa kwa sababu za kiusalama, alimsukumia sahani dirishani.

"Ugali unapoa," akasema.

Lakini usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alijitokeza mbele ya mama yake, amenawa uso, akasema kuwa Bunda kuna fundi mmoja, Bernado, aliyetengeneza madirisha ya basi la shule yao, na kwamba yeye Ghati yuko tayari kwenda na mjomba kusaidia kazi.

Gloria aliweka kikombe chini.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimejitolea."

"Ndiyo maana nauliza."

Mama Esta alimtazama mwanawe, kisha akamgeukia mdogo wake aliyekuwa akinywa chai. "Haya. Nendeni. Mkirudi, nitaingia mimi mwenyewe humo ndani, nimetengeneza nywele, nimevaa. Mtamwaga maji juu. Likinidondokea tone moja, moja tu, ni pikapu, na sitaki kusikia tena habari hii."

Karakana ya Bernado ilikuwa kando ya barabara kuu, Bunda, kati ya muuza matairi na mama wa mihogo ya kukaanga. Bernado alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuita magari ya ng'ambo, na hakuwa na tabia ya kuficha uwezo wake.

"Mimi ndiye Bernado," alisema kabla hajaulizwa. "Dirisha la basi lolote likipita hapa bila kupiga kelele, ujue nimelishika mimi." Akasogea kwenye gari, akaminya raba kwa vidole viwili. Ikabaki imeminyika. Akanusa vidole. "Mzee, hii ni raba au ni mchuzi?"

"Ni samli," akasema Makongoro. "Nilielekezwa na Mhandisi."

"Mhandisi gani?"

"Wa Taasisi. Mkuu kabisa. Ana mitambo."

"Mzee wangu, samli ni ya ngozi! Ngozi ilikuwaga ng'ombe, inaijua samli. Raba inatoka mtini. Ukiinywesha mafuta inavimba, inaoza. Huyo Mhandisi nipe namba yake nimtukane kidogo."

"Haipatikani."

"Atapatikanaje? Amejificha huyo. Ningekuwa mimi ndiyo yeye ningejificha banda la kuku."

Ghati alipatwa na kikohozi kikali, ikabidi aletewe maji.

Kazi ikaanza. Raba za zamani zilitolewa, nyingine kwa kuvutwa, nyingine kwa kijiko. Mfereji ambamo zilikuwa zimelala ulikuwa umejaa gundi kuukuu, mchanga, samli na manyoya ya paka. Bernado alijaribu kuingiza kidole, hakikuingia. Makongoro alijaribu, hakikuingia hata kucha. Wote wakageuka wakatazama vidole vya Ghati.

"Hivyo ndivyo," akasema Bernado. "Ingia kazini, mama."

Ghati alikwangua. Akaosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ikaondoka, akapiga msasa, akapangusa kwa thina ya kuyeyushia rangi, akakwangua tena pale Bernado alipopitisha kitambaa cheupe kikarudi cheusi. Raba ya gari lile haikuwepo Bunda, wala Musoma, na pengine hata kwao ilikotoka ilikwisha. Bernado alitafuta kwenye rundo lake akatoa raba ya mlango wa basi, ile yenye uwazi katikati kama bomba, inayouzwa kwa mita. Aliikunja, akaiachia, ikarudi yenyewe.

"Unaona? Inabonyea, inarudi. Raba ya paa haina kazi nyingine duniani. Ibonyee, irudi."

Gundi ilipakwa kwenye mfereji na kwenye raba, nyembamba, ikaachwa mpaka ukiigusa haikufuati kidole. Ghati alianza kuilaza, na kwa kuwa alitaka ionekane nadhifu, aliivuta kidogo ili inyooke. Ilinyooka kama mstari wa rula. Alijisifu moyoni. Walikula mihogo, walifunga paa, wakangoja, kisha Bernado akachana gazeti, akabana kipande kati ya paa na raba, akakivuta. Kilikwama. Vizuri. Akahamia upande mwingine. Kilikwama. Akafika kona ya kushoto, juu ya kiti cha abiria, mahali ambapo Jumamosi kingekuwepo kichwa cha bibi harusi. Karatasi ikatoka yenyewe, bila hata kuombwa.

"Uliivuta," akasema Bernado.

"Kidogo."

"Raba ukiivuta inakaa kimya, inakuangalia, halafu inarudi ilikotoka. Sasa imejikunja kutoka kwenye kona, imeacha tundu. Unailaza kama mtoto aliyesinzia. Huivuti, huisukumi. Toa yote upande huu."

"Yote?"

"Au tumwite Mhandisi?"

Ghati alitoa yote. Alikwangua upya gundi aliyoipaka mwenyewe, na kucha mbili zikavunjika. Mjomba Makongoro alimshikia taa ya simu, akampepea kwa kofia.

"Wewe mtoto una moyo," akasema. "Huyo Mhandisi angekuwa na nusu ya moyo wako."

Kuna maneno mazuri ambayo yakimpata mtu vibaya yanauma kuliko fimbo. Ghati aliinamisha kichwa akalaza raba, taratibu, bila kuivuta, akaifikisha kwenye kona, akaikata mshazari ili ncha zikutane bila kuachia mwanya, akaibonyeza kwa kidole gumba hatua kwa hatua. Safari hii gazeti lilikwama kila mahali. Kwenye kona ile lilichanika kabisa likabaki limebanwa, na Bernado akalipigia makofi kama mtoto aliyesimama dede. Mwisho alizipaka raba gliserini, ile ile ambayo mama wa mihogo alijipakaga mikononi.

"Na kibuyu cha samli?" akauliza Makongoro.

"Kiache hapa," akasema Bernado. "Mimi nina wali nyumbani."

Siku ya majaribio, ua wa Mama Esta ulijaa. Hakuna aliyealikwa na wote walikuja. Bodaboda walipaki mstari mmoja kama gwaride. Felisiani alikuja na pikapu yake, ameshaifunga riboni nyeupe, kwa tahadhari. Mama Esta alitoka ndani akiwa na nywele zilizotoka saluni na kitenge kilichofuliwa mpaka samli ikakata tamaa, akaingia kwenye kiti cha abiria, akaweka mkoba mapajani, akafunga mlango. Mjomba akabana klipu za paa. Gloria alisimama kando amekumbatia mabega yake.

"Mwaga!" akasema Mama kutoka ndani.

Ndoo ya kwanza ikashuka. Ya pili. Mniko, mmoja wa bodaboda, akapanda kwenye kigoda akamwaga debe zima pale kwenye kona ya kushoto, polepole, kwa nia mbaya. Maji yaliteleza juu ya paa, yakazunguka raba, yakatafuta njia, yakashuka chini nje. Ndani, Mama Esta aliketi wima akitazama mbele kama picha ya kitambulisho.

Ghafla akainua mkono.

"Tone!"

Watu wote wakaguna. Felisiani akaanza kutafuta funguo. Makongoro aliufungua mlango, na uso wake haukuwa uso wa mtu mzima. Kweli, kwenye shavu la Mama kulikuwa na tone la maji, linashuka. Ghati akapenya chini ya kwapa la mjomba, akapapasa kona yote ya juu kwa vidole vyake vyenye kucha zilizovunjika. Kavu. Akapapasa tena. Kavu kama unga. Akamtazama mama yake vizuri.

"Mama," akasema, "hilo limetoka jichoni."

Mama Esta alijifuta haraka kwa ncha ya kitenge. "Mmenifungia kwenye joto," akasema kwa ukali. Kisha, akiwa bado amekaa, akamshika mdogo wake mkono. "Ungekuwa humu ungesikia. Ni kimya kabisa. Nilikuwa namfikiria tu baba yao, alivyokuwa anacheka ile baiskeli yako." Akashuka. "Felisiani, fungua riboni. Pikapu ibebe masufuria. Gloria anakwenda na mjomba wake."

Ua ukalipuka. Bodaboda walipiga honi, Gloria alimrukia mjomba shingoni, na Makongoro, akilia na kucheka kwa pamoja, akamnyanyua Ghati akamsimamisha juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Huyu ndiye aliyetengeneza! Ghati, wewe si ndiye unayesomaga matangazo shuleni? Watangazie! Watangazie kama mstarini!"

Ghati angeweza kukataa. Lakini umati ulikuwa mkubwa, ushindi ulikuwa mtamu, na kuna watu ambao wakisimamishwa juu ya ndoo hawajui kushuka. Alikohoa, akashusha kidevu, na sauti nene ikamtoka yenyewe kifuani:

"Kwa heshima na taadhima! Na kwa mamlaka iliyokabidhiwa familia hii, wananchi wa Nyakato, Kanda ya Ziwa na Nchi Jirani, mnatangaziwa kwamba shauri la paa limejadiliwa na uamuzi umepitishwa—"

Nyuma yake, kwenye banda, jogoo akawika.

Bodaboda walicheka. Mama alicheka. Mjomba Makongoro hakucheka. Alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limesimama, kama saa iliyoishiwa betri. Alimtazama Ghati. Akalitazama banda. Akamtazama Ghati tena.

"Mhandisi," akasema mjomba kwa adabu kubwa, "huko ofisini mnafuga?"

Ghati alitafuta pa kutokea. Kulia kulikuwa na pikapu, kushoto Gloria aliyekwisha kukunja mikono kifuani, na mbele yake mama yake alikuwa anavua kandambili moja, taratibu, bila kuondoa macho. Juu ya ndoo hakuna uchochoro.

"Tunafuga, mjomba," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ndogo. "Ni mimi. Hakuna taasisi. Samli ilikuwa yangu, na kitenge cha mama ni mimi, na hata paka ni mimi." Akameza mate. "Na simu iko kwenye soksi."